Mlango wa Kutokea: hotuba kwa wanaoanzisha kituo cha wanyama cha jamii

Ndugu mwenyekiti, wageni waalikwa, na ninyi nyote mliojitolea kuanzisha kituo cha jamii cha kuhifadhi wanyama wasio na wenyewe, nawashukuru kwa kunialika. Nimepewa muda usiozidi nusu saa, kwa hiyo mtaniwia radhi nikiyapita mengine mbio mbio na kukaa kitako juu ya jambo moja ambalo, kwa uzoefu wangu, ndilo linaloamua kama kituo kitadumu au kitazama. Jambo lenyewe ni kwamba kituo cha wanyama hupimwa kwa mlango wake wa kutokea. Idadi ya waliopokelewa hupendeza kwenye taarifa ya mwaka, lakini idadi hiyo peke yake haisemi lolote kuhusu hali ya mnyama aliyelala bandani usiku wa leo.

Najua kwamba karibu kila mmoja wenu ameingia katika shughuli hii kupitia mlango ule mwingine. Ulimkuta paka amegongwa kando ya barabara, au mbwa jike ananyonyesha ndani ya kalvati, ukamchukua, ukamchukua na wa pili, na siku moja ukajikuta unawaambia wenzako kwamba lazima kituo kijengwe. Huruma hiyo ndiyo mtaji wa kwanza wala sina nia ya kuibeza. Tatizo lake ni kwamba haijui kuhesabu. Mnyama anayeletwa mlangoni yuko mbele yako, anakutazama, na ni vigumu sana kwa mwanadamu kumkataa mmoja anayemwona kwa ajili ya thelathini waliomo ndani ambao kwa dakika hiyo hawaonekani. Sisi hatukuweza.

Kituo chetu kilianza na mabanda 12, ambayo kwa makadirio yetu yangetosha mbwa 20 kama baadhi yao wangekaa wawili wawili. Katika miezi minane ya kwanza hatukumkataa mnyama hata mmoja, na tulijisifu kwa hilo, mpaka ikafika siku tuna mbwa 53, maji yamezidi unga, na chumba tulichokitenga kwa karantini kimegeuzwa ghala la magunia ya chakula. Jioni moja aliletwa mtoto wa mbwa ndani ya boksi lililofungwa kwa kamba ya katani. Alikuwa mchangamfu, alinilamba kidole, kisha akasinzia kiganjani mwangu. Kwa kuwa chumba cha karantini hakikuwepo tena, tulimweka pamoja na watoto wenzake kumi. Siku ya tano aliacha kula. Siku ya sita banda zima lilinuka harufu ambayo aliyewahi kuuguza mbwa wenye parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa, haisahau, harufu ya kuhara damu, na kabla ya wiki mbili kwisha tulikuwa tumezika watoto 9 kati ya 11. Ni kweli kwamba boksi lile ndilo lililoleta virusi, lakini nafasi ya kuenea tulivipa wenyewe, kwa miezi minane ya kumwitikia kila aliyebisha hodi.

Tuliketi tukapiga hesabu ambayo tungepaswa kuipiga kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji, nami naomba muiandike. Idadi ya wanyama watakaokuwa ndani ya kituo chenu kwa siku ya kawaida ni idadi ya wanaoingia kwa siku, mara wastani wa siku ambazo kila mmoja hukaa. Wakiingia wawili kwa siku na kila mmoja akikaa siku 30, mtakuwa na wanyama 60. Mkifaulu kupunguza ukaaji huo hadi siku 15, bila kumkataa yeyote na bila kuongeza tofali hata moja, mtakuwa na wanyama 30. Kinyume chake nacho ni kweli, na ndicho kinachowapata wengi: wanajenga mabanda mengine 20, wanapumua kwa miezi mitatu, kisha mabanda yale yanajaa kwa sababu hakuna kilichobadilika katika kasi ya wanyama kutoka. Tangu siku ile nimeyaona maombi mengi ya fedha za kupanua vituo, na swali langu huwa ni lile lile: mnyama wenu hukaa siku ngapi? Wengi hawana jibu.

Kuna na hesabu ya mikono. Mwongozo unaotumiwa sana katika vituo vya Marekani huweka kiwango cha chini cha dakika 15 kwa kila mnyama kwa siku, 9 za usafi na 6 za kulisha. Ukiwa na wanyama 40, hizo ni dakika 600, yaani saa 10 za kazi kila siku, sikukuu zikiwemo, kabla mtu hajampa mnyama dawa, hajamtembeza, hajapokea simu wala hajazungumza na mgeni. Kwa hiyo uwezo wa kituo ni ile idadi ndogo zaidi kati ya mabanda mliyonayo, saa za kazi mlizonazo na fedha mlizonazo. Ukiwa na mabanda 50 na mikono ya kuhudumia wanyama 20, wewe una kituo cha wanyama 20.

Wazo la kwamba mnyama apite tu kituoni si jipya. Mwaka 1860, mwanamke aliyeitwa Mary Tealby alifungua huko Holloway, London, makao ambayo leo yanajulikana kwa jina la Battersea, mahali yalipohamia mwaka 1871. Jina lake la kwanza lilikuwa, kwa lugha yetu, Makao ya Muda ya Mbwa Waliopotea na Wenye Njaa. Ya Muda! Miaka zaidi ya 160 iliyopita mwanzilishi alitangulia kuliandika neno hilo juu ya mlango, nasi wa leo tunajenga kana kwamba mbwa atazeekea bandani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni wetu hawashiki jembe, kwa hiyo jembe ni letu: kumtafutia kila mmoja pa kwenda.

Sasa, kabla ya kujenga, nawaomba mjiulize kama eneo lenu linahitaji kituo hata kidogo. Najua swali hili litawaudhi baadhi yenu. Shida kubwa inaweza kuwa ni mbwa wanaozaa hovyo, au hofu ya kichaa cha mbwa, na banda haliponyi lolote kati ya hayo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na kwamba kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo hukata mnyororo wa maambukizi. Kundi la watu kumi wenye majokofu madogo ya chanjo, meza ya kukunja na daktari wa mifugo aliye tayari linaweza kufanya kwa siku moja kazi ambayo kituo hakitaifanya kwa mwaka mzima. Vile vile, wengi wanaoleta wanyama mlangoni hawataki kuachana nao. Mmoja amehamishwa nyumba, au mbwa wake ana upele naye hana fedha ya dawa, au ua umebomoka na jirani amechoka kulalamika. Ukimpa dawa ya upele, au ukaenda na misumari na vipande vya mbao ukaziba ule ua, umemhifadhi mnyama mmoja bila kumpokea.

Hata pale ambapo kituo kinahitajika, anzeni na nyumba za watu. Tafuteni walezi wa muda, mkae nao, muwape chakula, dawa na namba ya kupiga usiku wa manane, kisha muone kama mnaweza kuwatafutia wanyama kumi makao ya kudumu. Kwa watoto wanaonyonya, nyumba ya mlezi haina mpinzani. Kitoto cha paka hujifunza kumzoea binadamu hasa kati ya wiki ya 2 na ya 7 tangu kuzaliwa, na mtoto wa mbwa kuanzia takribani wiki ya 3 hadi ya 14. Akiupitisha muda huo ndani ya kizimba, akiona mikono tu inayosukuma sahani, utahangaika naye baadaye.

Mkishaamua kujenga, kuhusu jengo nitasema machache. Sakafu iweze kuoshwa na iwe na mteremko, na maji machafu ya banda moja yasipite katika banda la pili. Paka wawe mbali na kelele za mbwa, na kila paka awe na boksi la kujifichia, kwa maana paka asiye na pa kujificha huacha kula na hatimaye huugua. Kizimba cha mbwa kiwe na sehemu mbili zenye mlango wa kuteremsha katikati: mbwa anapitia upande wa pili, unateremsha mlango, unasafisha upande alioacha, wala humshiki. Tulipobadilisha vizimba vyetu kuwa vya namna hii, matukio ya wafanyakazi kuumwa yalipungua mara moja, na mbwa waoga walianza kukojoa upande mmoja na kulala upande wa pili, kama wanavyopenda. Chumba cha karantini kiwe na mlango wake, ndoo zake, viatu vyake na mafagio yake, na katiba ya kituo itamke kwamba hakitageuzwa ghala. Mnajua kwa nini nasema hivyo.

Juu ya usafi nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo wenye nia njema huwaua wanyama bila kujua. Virusi vya parvo vinaweza kuishi katika mazingira kwa miezi mingi, na dawa nyingi za kusafishia haziviui. Klorini huviua, lakini klorini inayomwagwa juu ya kinyesi hudhoofishwa na kinyesi kile kile. Kwanza uchafu uondolewe, kisha sakafu isuguliwe kwa sabuni na kusuuzwa, halafu dawa iliyochanganywa kwa kipimo ipakwe na kuachwa imelowa kwa dakika 10 nzima kwa saa ya ukutani, na mwishoni isuuzwe na pakaushwe kabla mnyama hajarudi. Anayenyunyiza na kufuta papo hapo ameacha harufu ya usafi tu. Mpangilio nao una maana: anza na watoto wazima wa afya, kisha wakubwa wazima, kisha walio karantini, na umalizie kwa wagonjwa, wala usirudi nyuma. Vizimba vya paka wazima wa afya havihitaji kuoshwa kila siku. Ondoa kilichochafuka na umwachie paka blanketi lenye harufu yake. Dawa za kusafishia za jamii ya finoli (phenol) msizitumie kabisa walipo paka, kwa kuwa huwadhuru. Na kwa kuwa nimegusa sumu, niongeze kwamba kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka. Mtu mmoja mwema aliwahi kumpa paka wetu mwenye homa dawa aliyoitoa mkobani mwake, na daktari alipofika ufizi wa paka yule ulikuwa umegeuka rangi ya kahawia.

Chanjo hutolewa saa mnyama anapoingia, kabla hajapita mlango wa ndani. Kusubiri kesho kwa kuwa leo ni jioni ni kumpa ugonjwa usiku mzima. Watoto wa mbwa huanza kuchanjwa kati ya wiki ya 4 na ya 6 wakiwa kituoni, na hurudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu mpaka wafikie takribani wiki 20, kwa sababu kinga waliyoipata kwa mama huizuia chanjo kufanya kazi, nasi hatujui siku ambayo kinga hiyo itakwisha kwa kila mmoja. Wafanyakazi nao wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa kabla ya kushika mnyama wa kwanza. Anayeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa aliyemuuma ni yule anayependwa na kila mtu.

Sasa narudi kwenye mlango wangu. Ni kipi hasa kinachomchelewesha mnyama kutoka? Tulipoanza kulifuatilia swali hili tulidhani jibu ni uhaba wa watu wa kuwachukua. Tukaanzisha mzunguko wa kila asubuhi: mtu mmoja wa afya, mmoja wa usafi na mmoja wa mapokezi wanapita mbele ya kila kizimba wakiwa na daftari na kuuliza, "Huyu anasubiri nini?" Wiki ya kwanza tulimkuta mbwa wa rangi ya udongo, mpole, mzima wa afya, ambaye alikuwa amekaa siku 41. Alikuwa anasubiri kupigwa picha ili awekwe kwenye ubao wa matangazo. Kila mtu alidhani ni kazi ya mwenzake. Alipigwa picha saa nne asubuhi akiwa ameinamisha sikio moja, na kabla ya Jumamosi alikuwa ameondoka na familia yenye watoto watatu. Tuligundua kwamba wengi walikuwa wakisubiri vitu vya aina hiyo: tarehe ya upasuaji ambayo haikuandikwa, simu ambayo haikupigwa, sahihi ya mtu aliyesafiri.

Kikwazo cha pili tulikitengeneza kwa mikono yetu. Fomu yetu ya kumchukua mnyama ilikuwa na kurasa sita. Tulimwuliza mtu kipato chake, ukubwa wa ua wake, na kama amewahi kupoteza mnyama. Bibi mmoja aliyeishi peke yake tulimkatalia paka mzee kwa sababu hakuwa na barua ya mwenye nyumba, na paka yule alikaa nasi miezi mingine minne. Leo tuna ukurasa mmoja na mazungumzo ya nusu saa. Tunamwuliza mtu siku yake huwaje, nani atabaki nyumbani, mbwa atalala wapi, kisha tunamwambia ukweli wote kuhusu mnyama, pamoja na kwamba anatafuna viatu. Wapo watakaowarudisha. Wapokeeni bila maneno makali, kwa kuwa mtu aliyeaibishwa safari ya kwanza hatarudi tena mlangoni. Atamwachia mnyama barabarani.

Kwa jambo moja tu hatulegezi kamba: hatoki mnyama ambaye hajahasiwa au hajafungwa kizazi. Paka hubeba mimba kwa takribani wiki tisa na anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano. Ahadi ya kwamba atarudishwa kufanyiwa upasuaji akikua haitimizwi na wengi, na daktari mwenye uzoefu anaweza kuwafanyia upasuaji vitoto vyenye wiki 8.

Nisingependa kuwaficha upande mzito wa kazi hii. Wapo wanyama watakaotoka kwa sindano ya daktari: wenye maumivu yasiyotulizika, na mbwa ambao hakuna mtu anayeweza kuishi nao kwa usalama. Andikeni utaratibu wenu kabla siku hiyo haijafika. Uamuzi ufanywe na watu wasiopungua watatu, daktari akiwemo, uandikwe pamoja na sababu, na mlezi aliyemzoea mnyama yule aulizwe kama angependa kuwepo. Tulipokuwa hatuna utaratibu, mzigo wote ulimwangukia msimamizi wa zamu, binti wa miaka ishirini na mbili, naye aliacha kazi bila kuaga. Ninaamini pia kwamba kumweka mbwa ndani ya kizimba kwa miaka mitano ili tu tuseme hatuui ni ukatili, ingawa najua wapo humu ukumbini wasiokubaliana nami.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Jueni gharama ya mnyama mmoja kwa siku moja, mkijumlisha mishahara, maji na dawa, maana wengi huhesabu chakula peke yake. Pesa isitoke benki bila sahihi mbili, na hesabu za kila mwezi zibandikwe mahali wageni wanapopita. Ardhi iwe na mkataba ulioandikwa. Kiwanja chetu cha kwanza tulipewa kwa neno la mdomo na mtu mwenye moyo mweupe, na alipobadili nia tulipewa siku 14 za kuhamisha wanyama wote.

Fomu yetu ya ukurasa mmoja, ratiba ya usafi na jedwali la kuhesabia wastani wa siku za ukaaji nimeviacha mezani pale mlangoni, na mko huru kuvinakili. Kwenye jedwali mtaona safu mbili za tarehe, ya kuingia na ya kutoka. Ile ya pili tumeichapa kwa herufi nene, kwa sababu mwaka wa kwanza hatukuwa nayo kabisa. Nipo tayari kwa maswali.